Maiti ya Shaba

JUMATANO, SAA KUMI JIONI

Chumba cha nyuma kilinuka mkojo. Baa yenyewe ilikuwa mbele, kwenye duka la zamani la Mhindi linalotazamana na reli pale Kilosa, na choo cha uani hakikuwa na mlango. Salome alijua mlango ulipo. Ulikuwa wa mninga, umechongwa maua, una komeo la shaba lililong'arishwa na viganja vya watu miaka mia. Yeye na wenzake waliung'oa mwezi wa tatu wakaupeleka Mikumi. Tangu hapo kila aliyekwenda kujisaidia alionekana mgongo na wateja wote, na harufu ilikuwa inaingia ndani bila hodi.

"Tuanze," Alfred alisema.

Alichovya kidole kwenye bia, akachora juu ya meza. Mraba, kanisa. Mstari, barabara. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na saa kubwa mkononi. Mtoto wa Kinondoni huyu, aliyekuja Morogoro kukwepa kesi akageuka mkubwa wa genge, na kila mtu kwake alikuwa "mwanangu", hata waliomzidi umri. Salome alikuwa mwanamke wake mwaka wa tatu sasa. Zamani alipenda mikono yake. Siku hizi akiiangalia aliona kucha tu.

"Misheni ya Ibingwe," Alfred aliendelea. "Jumamosi parokia nzima inapanda mabasi, inakwenda upadrisho Morogoro. Padri hayupo, masista hawapo. Anabaki mzee mmoja, mpiga kengele. Anapiga asubuhi, saa sita mchana, na saa kumi na mbili jioni. Tukiichukua kabla ya saa sita, mji mzima utajiuliza mbona kimya. Kwa hiyo tunamwacha apige ya saa sita. Halafu inatuletea saa sita nzima za bure."

"Uzito?" aliuliza Yeremia.

Yeremia alikuwa mnunuzi wa chuma chakavu. Mnene, mwenye shingo ya kukunjana, mtu aliyewahi kung'oa mifuniko ya mitaro mpaka mtoto wa watu akatumbukia, na akaisimulia kama kichekesho. Alikuwa anatafuna nyama ya kiti moto na kunyonya vidole kimoja kimoja.

"Watu wanne wanaibeba. Winchi unayo?"

"Ninayo."

"Basi. Tunaishusha, tunailaza ndani ya jeneza. Jeneza nimeshachongesha, pana kidogo. Kenta inawekwa majani mbele, msalaba juu, mjane nyuma analia." Alimwonyesha Salome kwa kidevu. "Njagu hasimamishi maiti. Kilosa mpaka Mikumi tunapigiwa saluti."

Kaelo, dereva, alikuwa ameegemea ukuta. Kijana wa wafugaji wa Msowero, mrefu, mpole wa maneno, aliyeacha ng'ombe wa baba yake kwa ajili ya usukani. Alisoma maandishi kwenye msalaba uliosimamishwa kwenye kona. *Marehemu Yohana Kapela.*

"Huyu Kapela ni nani?"

"Nimemtoa makaburini kule kule Ibingwe. Mnyamwezi fulani, pagazi sijui, kafa enzi za Mjerumani. Jina la kweli linapendeza kuliko la kutunga. Nani atamuulizia?"

Salome alikunywa soda yake iliyokwisha gesi. Kengele hiyo aliitaja yeye mwenyewe. Usiku mmoja, pombe kichwani, alimsimulia Alfred juu ya mnara wa matofali mekundu, juu ya risasi ya vita vya Mjerumani na Mwingereza iliyomega ukingo wa kengele ikaiachia sauti ya mkwaruzo, na juu ya mjomba wake Stefano anayeipiga tangu ujana. Wiki iliyofuata Alfred alikuwa ameshampata mnunuzi. Tajiri yule yule wa Mikumi, mwenye hoteli, anayejenga humo ndani kitu anachokiita kijiji cha kale. Milango ya Kilosa, benchi la stesheni, madirisha ya Mjerumani. Salome alikiona kijiji hicho. Ule mlango wa mninga ulilazwa ukawa meza ya baa, umetobolewa matundu ya kuwekea chupa. Kengele alitaka ya kuwaitia watalii chakula.

"Nina neno moja," Salome alisema. "Mjomba asiguswe. Yule ndiye aliyenilea. Mkimgusa, mimi simo."

"Mwanangu, nani amguse?" Alfred aliweka kiganja kifuani. "Naapa kwa mama yangu. Utampigia simu mwenyewe, umwambie umelazwa hospitali ya mjini. Ataondoka kwa miguu yake. Tukiingia hayupo."

Yeremia alicheka huku akitafuna, na kipande cha nyama kikamtoka kikaangukia kwenye ramani ya bia, palipochorwa kanisa. Alikiokota akakirudisha mdomoni.

JUMAMOSI, SAA NNE ASUBUHI

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekauka?"

"Nimelazwa, mjomba. Hapa Kilosa. Tumbo."

Salome alisikia kuku wa misheni, na mbali zaidi mtu akichota maji.

"Umekula?"

"Bado."

"Nikishapiga ya saa sita nakuja. Nitakuletea uji."

"Usihangaike na uji, mjomba. Wewe njoo tu."

"Haya. Kaza moyo, mama."

Alikata. Alfred alimwinamia akambusu kwenye paji la uso. Midomo yake ilikuwa na mate. Salome alisubiri ageuke, akajifuta kwa ncha ya kanga.

SAA SITA MCHANA

Kenta ilisimama njia panda, nyuma ya mtama. Alfred na Yeremia walikuwa wameshatangulia kwa miguu, wamevaa fulana za mafundi zinazong'aa, wamebeba winchi kwenye mfuko wa salfeti.

Kengele ililia. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Ule mkwaruzo wake ulipita juu ya mtama, na Salome akajikuta mkono umepanda wenyewe kwenye paji la uso, kushuka kifuani, bega la kushoto. Aliushusha haraka. Kengele hii ilimwamsha aende shule, ikamwita mezani, ikamsindikiza mama yake kaburini. Mnara ulionekana pale alipokaa, umekaa imara juu ya matao yake, matofali yaliyochomwa kwa udongo wa mto Mkondoa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mafuriko yalikuja yakaondoka, vita vilikuja vikaondoka, na mnara haujawahi kuibiwa hata msumari.

Kisha mjomba Stefano akatokea njiani. Pama kichwani, fimbo mkononi, na lile sweta la kijani Salome alilomnunulia mtumbani Morogoro, joto lote hilo. Kifungo kimoja kilikuwa chekundu. Alikishona Salome mwenyewe kwa kukosa cha kijani. Mzee alitembea upesi kuliko umri wake, akiangalia chini.

Salome aliteleza chini ya dashibodi akajifunika kanga. Alichungulia kidogo. Mikono ya mzee haikuwa na kitu zaidi ya fimbo. Alishukuru. Kumbe amesikia, hakuhangaika na uji.

"Amepita," Kaelo alisema.

Salome alirudi kitini.

"Kwetu mzee akipita unampelekea kichwa akiguse," Kaelo alisema tena, bila kumtazama. "Wewe umeingia chini ya kiti."

"Endesha gari. Mengine hujaulizwa."

Baada ya muda mrefu simu ikatetemeka. Alfred: *njooni.*

Kengele ilikuwa imelala barazani, juu ya magunia, kubwa kufika magotini. Ukingo wenye jeraha la risasi ulikuwa juu. Yeremia alikuwa kwenye bomba la maji, ananawa. Alinawa mikono mpaka viwiko, akafuta kwenye suruali, akarudia tena.

"Vipi?" Salome aliuliza.

"Imetutoa jasho."

Mlango wa sakristia ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Salome aliuona, akauacha. Watu wanne walinyanyua, jeneza likapokea, mbao zikalia. Kifuniko kikabanwa kwa misumari miwili tu, kwa haraka. Shuka jeupe juu, msalaba juu ya shuka, matawi kwenye boneti. Ibingwe wakaiacha na tundu tupu juu ya mnara.

SAA NANE KASORO

Mji waliuvuka salama. Wanaume waliokaa kwenye vibaraza vya maduka ya Wahindi walisimama. Muuza miwa alivua kofia. Mama mmoja aliyebeba ndoo aliitua, akasubiri wapite, na Salome akalia vizuri kabisa, kilio cha kupanda na kushuka, na watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Alijichukia kwa jinsi alivyokimudu.

Njia ya Mikumi ilikuwa vumbi na mashimo. Mbele walikaa Alfred na Kaelo. Nyuma, kwenye benchi, Salome na Yeremia, jeneza kati ya magoti yao. Kila shimo, kengele iliguna chini ya mbao.

Yeremia alitoa chupa ya chai kwenye mfuko wake, akafungua, akanywa. Chupa ya bluu, haina kikombe, mkono wake umefungwa kwa waya.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Nimeikuta." Alipangusa mdomo. Uji ulimbaki kwenye sharubu. "Mtamu. Wametia ndimu."

Ndimu. Salome alipokuwa mdogo uji bila ndimu hakuugusa. Alijiambia mzee ameusahau, ndiyo maana mikono yake ilikuwa mitupu. Amepika, akausahau mezani, akaenda. Ni hivyo. Lakini Yeremia alikuwa haangalii machoni, na mzee Stefano hakuwa mtu wa kusahau chakula cha mgonjwa akafika mbali. Angekumbuka njiani. Angegeuka.

Kenta iliingia shimo kubwa. Ndani ya jeneza ulimi wa kengele ulijiachia, ukagonga. Mlio mzito ulipita miguuni mwao.

"Kitambaa cha ulimi kimelegea," Yeremia alinong'ona. "Mkono wako mwembamba, sukumia."

Kifuniko kilikuwa kimeachia upande mmoja. Salome alipenyeza mkono, akapapasa shaba ya baridi, akafuata ulimi mpaka akashika nguo. Ilikuwa imelowa. Aliivuta, ikatoka kipande. Sufu ya kijani. Kifungo chekundu. Na vidole vyake vilikuwa vyekundu pia, lakini wekundu huo haukuwa wa kifungo.

Alimnyooshea Yeremia kile kipande.

"Alirudi," Yeremia alisema. Aliuambia mtama uliokuwa unapita pembeni. "Alikuja kwa njia ya nyuma, kwenye nyumba ya mapadri. Alitaka chupa yake. Akatukuta na kengele hewani. Angeita watu."

"Mmemfanya nini?"

"Spana. Mara moja tu."

"Yuko hai?"

"Tulimwacha anakoroma. Tumemfungia ndani, kivulini."

Alikitaja kivuli hicho kama fadhila. Salome aligonga kioo cha mbele kwa ngumi zote mbili mpaka Kenta ikasimama. Alfred alizunguka nyuma. Aliona sweta, akamtazama Yeremia kwa hasira, hasira ya mtu aliyeharibiwa kazi na fundi mzembe.

"Sikiliza," alimwambia Salome kwa sauti laini ya kitandani. "Anakoroma, maana yake anapumua. Tukishusha mzigo tunapiga simu, wanakwenda kumchukua. Saa moja na nusu tu, mwanangu. Ukipiga sasa tunakwisha wote, na wewe wa kwanza. Nani alimdanganya kwa simu?"

"Uliapa kwa mama yako."

"Mama yangu ameshakufa." Alifunua shati, akamwonyesha kitako cha bastola, akalifunika. Kisha akapanda nyuma akakaa karibu naye. "Sasa lia. Mbele kuna njagu."

Kizuizi kilikuwa kamba na pipa. Askari mmoja, wa makamo, alikuja upande wa nyuma. Aliona msalaba, akavua kofia. Jasho lilikuwa limemchora alama ya kofia kwenye paji.

"Poleni sana, mama. Ni nani?"

Neno lilikuwa mdomoni. Mkono wa Alfred ulikuwa mgongoni mwake, unampapasa, shemeji mwema anayemliwaza mjane. Mahali fulani nyuma ya mlango wenye kufuli mtu alikuwa anakoroma.

"Mume wangu," Salome alisema.

"Pole, mama. Mungu ndiye anajua."

"Asante, baba."

Askari akaishusha kamba. Kenta ikapita. Salome aliangalia vidole vyake, akavificha ndani ya kanga, na akaona kinyaa kilichokuwa kwa hawa wawili kimehamia kwake mwenyewe na kimekaa.

SAA TISA ALASIRI

Kijiji kilikuwa kabla ya mji mdogo uitwao Ulaya, kwenye njia hiyo hiyo ya Mikumi, nyumba kumi na tano kila upande, za matofali na za udongo. Gari lilipunguza mwendo kwa sababu ya mbuzi. Mtu mmoja kibarazani alisoma msalaba kwa sauti.

"Kapela. Jamani, Mnyamwezi huyo. Mtani kafa."

Hapo ndipo Salome alipokumbuka. Alfred alikuwa amewaza kila kitu, askari, saa, njia, kasoro hiki kimoja ambacho mtoto yeyote wa huku angemwambia. Mnyamwezi alipita njia hii tangu enzi za kubeba pembe, na watu wa hapa ni watani wake. Msiba wa mtani haupiti kijijini bure. Watani watalala barabarani, watamtukana marehemu na kudai fidia ya ujinga wake, na wafiwa watacheka huku wanalia, watajibu matusi kwa matusi, watatoa sarafu mbili tatu, njia itafunguliwa. Hakuna mfiwa anayekasirika. Ukimkasirikia mtani msibani, basi hujafiwa.

Mchi uliangushwa katikati ya njia. Nyuma ya mchi alilala bibi kizee amevaa koti la kiume la mvua, uso kajipaka masizi, mkononi ungo wenye majivu. Wanawake wengine walikuja wakipiga sufuria. Kaelo akafunga breki.

"Hapiti," bibi alisema kutoka chini. "Mimi ni Costancia, binti wa wenye mihogo. Babu zake walipita hapa na mizigo ya Waarabu, wakala mihogo yetu shamba zima, wakasema watalipa wakirudi. Hawajarudi mpaka leo. Sasa huyu anapita amelala ili tusimwone."

Watu walicheka. Bibi Costancia aliinuka, akaja nyuma ya Kenta, akapanda bila kusaidiwa. Alikaa juu ya jeneza akatandaza koti.

"Nzito hii. Kafa na mihogo yote tumboni. Fungueni tumkague meno."

"Shuka, bibi," Alfred alisema.

"Shikamoo hamna? Wafiwa gani nyie? Mjane, mumeo alikuwa mwizi, unajua?"

Alimgeukia Salome, macho yake yanacheka ndani ya masizi, anasubiri. Salome alilijua jibu. Kila mtoto wa Kilosa analijua. Sema: mwizi ni baba yako aliyelima mihogo michungu, ikamuua mume wangu. Toa sarafu. Watacheka, watalia pamoja nawe, watasukuma gari kwa heri. Ilikuwa kazi yake, ndiyo sababu ya kuletwa. Alfred alimminya bega.

"Mjibu," alinong'ona.

Salome hakufungua mdomo.

Bibi Costancia aliurukia ule ukimya. Alipiga jeneza kwa visigino, kushoto, kulia, kama ngoma. Na jeneza likalia.

Mlio ulitoka chini yake, mzito, wenye mkwaruzo, ukaenda mpaka mwisho wa kijiji. Sufuria zilinyamaza. Mbuzi walisimama. Bibi aliweka kiganja juu ya mbao akakisikiliza kikitetemeka.

"Shuka, mchawi wewe," Alfred alifoka. "Washenzi nyie. Mnacheza na maiti ya watu? Ondoeni takataka zenu njiani kabla sijawafanya vibaya."

Watu walitazamana. Mwanamume mmoja aliyekuwa anacheka alishusha mikono. Bibi Costancia hakukasirika. Alimwangalia Alfred kwa makini sana, kisha akamwangalia Salome, na aliposema tena utani ulikuwa umetoka sautini.

"Mwanangu. Nani amekufa hapa?"

Lilikuwa swali lile lile la askari. Bastola ilikuwa ile ile.

"Stefano," Salome alisema. "Mpiga kengele wa Ibingwe. Mjomba wangu. Humu ndani hayumo, imo kengele yake. Yeye wamempiga spana kichwani wamemfungia sakristia. Alikuwa anakoroma. Pigeni simu, jamani. Labda bado anakoroma. Mimi ndiye niliyemwita hospitali kwa uongo." Na kilio kikaja, kisichofanana kabisa na kile cha mjini, kibaya, cha kukwama kooni na kutoa kamasi.

Mlango wa mbele ulifunguliwa. Kaelo alisimama barabarani, ufunguo mkononi.

"Mzee?" alimuuliza Alfred. "Mmempiga mzee? Uliapa hataguswa."

"Rudi kwenye gari."

Kaelo aliutupa ufunguo ndani ya mtama, mbali, kwa mkono wa mtu aliyekua akirusha mawe kurudisha ndama. Alfred alichomoa bastola akafyatua. Kaelo alikaa chini barabarani, anashangaa paja lake. Risasi ya pili haikutoka. Bibi Costancia alimmwagia ungo mzima wa majivu machoni, na alipokuwa anajisugua kwa mikono miwili mchi ulimwangukia kwenye magoti. Kisha watu wakawa wengi.

Yeremia aliruka akakimbilia mtama. Hakufika mbali na kile kitambi. Walimleta wakimburuta kwa fulana yake inayong'aa, anatapika uji kwenye kidevu, anawataja wenzake wote kabla hajaulizwa, na tajiri wa Mikumi na baa yake na meza ya matundu. Alfred alikuwa kimya chini ya miguu ya watu. Shati lake jeupe halikuwa jeupe tena. Salome aliwaangalia wakimpiga, wale wale waliokuwa wanacheka dakika tano nyuma, na hakuona raha yoyote. Kila kitu kilinuka.

"Imetosha," Bibi Costancia alisema. "Askari wamkute anaweza kusema." Kisha akavua koti lake akaanza kumfunga Kaelo paja.

SAA KUMI NA MOJA JIONI

Simu zilikuwa zimepigwa. Mwenye duka alikuwa na namba ya katekista wa Kilosa, katekista alikuwa na bodaboda, bodaboda alikuwa na nyundo ya kuvunjia kufuli. Baada ya hapo kijiji kilisubiri. Watani walikuwa wamenawa masizi. Walikaa chini kulizunguka gari bila utani wowote, na wanaume wawili walilifungua jeneza wakaisimamisha kengele wima, kwa sababu hawakuweza kuiacha imelala hivyo.

Salome alifungwa kamba ya katani mikononi, kwa mbele, na mtu aliyemwomba radhi. Alikaa kwenye benchi lile lile.

Simu ya mwenye duka ililia. Alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, akaizima. Alimfuata Bibi Costancia akamnong'oneza, na Bibi Costancia akapanda kwenye Kenta akakaa pembeni ya Salome.

"Wamempata," alisema. "Alitambaa mpaka mlangoni. Wanasema bado ana joto. Mganga wa zahanati anasema haijatimia hata saa mbili tangu akate roho."

Salome alihesabu. Hakutaka kuhesabu, akili ilihesabu yenyewe. Ilirudi nyuma njia nzima, ikavuka mtama, ikafika kwenye kamba na pipa.

Gari la polisi lilikuja na vumbi lake. Alikuwa yule askari wa kizuizini, na wengine watatu. Alimtazama Alfred, akamtazama Yeremia, akaiangalia kengele muda mrefu, kisha akaja kwa Salome. Safari hii hakuvua kofia.

"Nilikuuliza ni nani," alisema. "Nilisimama nyuma ya gari hili hili nikakuuliza, mama."

Alisubiri. Kisha akageuka. Aliwaambia vijana wake wakusanye vitu. Walichukua winchi, bastola, sweta. Mmoja aliokota chupa ya bluu chini ya benchi, akaitikisa, akasikia kuna kitu ndani.

"Hii ya nani?"

"Ya kwangu," Salome alisema. "Nililetewa."

Askari alisita, kisha akampa. Aliishika kwa mikono iliyofungwa, akazungusha kifuniko, na harufu ya ndimu ikamjia usoni. Yeremia alikuwa amebakiza kidogo. Salome alitia kidole.

Uji ulikuwa bado wa moto.